Osamu Tezuka, mchoraji aliyempa binti wa mfalme mioyo miwili

Wasomaji wetu, mara hii hatuongei juu ya rais, wala mwanajeshi, wala mwimbaji. Tunaongea juu ya mtu mmoja wa Japani, mwenye miwani minene na kofia ya bere kichwani, ambaye kazi yake ilikuwa kuchora. Jina lake Osamu Tezuka. Alikufa mwaka wa 1989, na huenda wengi kati yenu hamjasikia jina hilo hata siku moja. Lakini mkono wake mnaujua. Kila nyumba yenye televizyo na watoto inaujua. Ile sura ya msichana wa katuni za Kijapani, macho makubwa sawa sahani, nyota zinang'aa ndani yake, kidevu chembamba, nywele zinapepea hata pasipo na upepo, na mara nyingi upanga au fimbo ya ajabu mkononi: sura hiyo ina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo inapita katika mkono wa mtu huyu.

Wazazi wanatuuliza: mbona wasichana hao hawafanani na Wajapani wenyewe? Mbona macho makubwa hivyo? Na mbona kila mara kuna mmoja anayevaa nguo za wanaume na kupigana kuliko wanaume? Tumeona jibu fupi zaidi ni kueleza maisha ya Tezuka tangu utoto, kwa sababu mambo hayo yote matatu yalianzia kijiji kimoja, karibu na jukwaa moja.

Alizaliwa tarehe 3 Novemba 1928 huko Toyonaka, katika jimbo la Osaka. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya kumkumbuka Mfalme Meiji, njo maana wakampa jina linaloandikwa kwa alama moja ya jina la mfalme huyo. Alipokuwa na umri wa miaka mitano hivi familia ikahamia Takarazuka, mji mdogo wa maji ya moto, mwisho wa njia ya treni. Baba yake alikuwa na mashine ndogo ya sinema ya Kifaransa, aina ya Pathé Baby. Jioni baba anatundika shuka, na watoto wanatazama Mickey na Charlie Chaplin. Mama yake naye aliwasomea watoto vitabu vya picha huku akibadilisha sauti: sauti ya mzee, sauti ya mtoto, sauti ya mwizi. Kwa wakati ule wazazi wengi wa Japani waliona vitabu hivyo ni upuuzi. Mama yake Tezuka hakuona vile.

Shuleni hakuwa na raha. Alikuwa mdogo wa mwili, nywele zake zilijikunja, na miwani ilimfanya achekwe. Alijitetea kwa kalamu, kwani mtoto anayechora vizuri hapigwi sana, wenzake wanamhitaji. Alipenda pia wadudu kuliko kitu chochote. Aliwakusanya, akawachora mguu kwa mguu, na alipojua kuna mdudu mmoja mweusi anayeitwa kwa Kijapani karibu sawa na jina lake, akaongeza alama ya mdudu mwishoni mwa jina lake la kazi. Mpaka kufa alisaini hivyo.

Sasa tuje kwenye jukwaa, kwa maana hapa tunahitaji kukaa kidogo.

Mwenye kampuni ya treni iliyofika Takarazuka, Bwana Ichizo Kobayashi, alikuwa na shida ya kawaida ya mfanyabiashara: watu hawakuwa na sababu ya kupanda treni yake mpaka mwisho wa njia. Mwaka wa 1913 akakusanya wasichana, akawafundisha kuimba na kucheza, na mwaka wa 1914 wakaonyesha mchezo wao wa kwanza ndani ya jumba lililokuwa bwawa la kuogelea. Biashara ikafaulu kuliko alivyowaza. Kikundi hicho, Takarazuka, kingali hai mpaka leo, na sheria yake haijabadilika: waigizaji wote ni wanawake. Kuna wanaocheza kama wanawake, na kuna wanaocheza kama wanaume. Hao wa pili wanakata nywele, wanashusha sauti, wanajifunza kutembea na kukaa kwa namna ya mwanaume, na njo wao wanaopendwa zaidi. Wanaojaza viti ni wanawake. Mama mwenye nyumba, binti wa shule, mfanyakazi wa ofisi, wote wanalia kwa ajili ya mwanaume ambaye wanajua kabisa kuwa ni mwanamke.

Mama yake Tezuka alikuwa mmoja wao. Alimpeleka mtoto wake kwenye jumba hilo mara nyingi, na jirani yao wa karibu alikuwa nyota wa kikundi, aliyejulikana jukwaani kwa jina la Otome Amatsu. Kwa hiyo mtoto huyu hakuwaona wanawake wenye suti na upanga kama kitu cha ajabu. Waliishi nyuma ya ukuta. Aliwaona jukwaani wamejipaka rangi nyingi kuzunguka macho ili hata aliyekaa kiti cha mwisho aone, na taa za jukwaa zikimetameta ndani ya macho hayo.

Kuna sheria nyingine ya Takarazuka ambayo tunaomba msomaji aiweke akilini, maana tutairudilia: mwigizaji akiolewa, anaondoka. Leo anacheza mkuu wa jeshi, watu elfu wanapiga makofi. Kesho anafunga ndoa, suti inabaki kwa mwenzake.

Vita ikaja. Jumba la Takarazuka likafungwa mwaka wa 1944, na wanafunzi wakapelekwa viwandani. Tezuka alitumwa kwenye kiwanda kimoja cha Osaka, na mwezi wa Juni 1945 alikuwa juu ya mnara wa kulinda ndege za Marekani zilipokuja kuangusha mabomu. Alipona. Alipotelemka aliona maiti kando ya mto. Miezi miwili mbele yake, katika jumba la sinema la Osaka lililokuwa karibu tupu, alitazama filamu ya katuni ya kijeshi iliyotengenezwa kwa amri ya jeshi la majini, akatokwa na machozi. Siyo kwa ajili ya propaganda. Alilia kwa sababu, katikati ya njaa ile, mtu alipata nafasi ya kuchora wanyama wadogo wakicheza ndani ya majani. Akajiapia kwamba siku moja naye atafanya filamu.

Mwaka huohuo aliingia masomo ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Osaka. Lakini tayari tarehe 4 Januari 1946 gazeti moja la watoto lilikuwa linachapa michoro yake. Mwaka wa 1947 kikatoka kitabu cha hadithi ya kisiwa cha hazina, alichokichora na mwenzake mkubwa Shichima Sakai. Watoto walikigombania. Karatasi ilikuwa mbaya, bei ilikuwa ndogo, na ndani yake picha zilikwenda sawa sinema: gari kwa mbali, gari karibu, uso wa dereva, gurudumu. Tezuka alimaliza udaktari, akapata ruhusa ya kutibu, na hata mwaka wa 1961 akapewa cheo cha daktari wa sayansi ya tiba kwa utafiti juu ya mbegu za konokono. Hakufungua lopitali hata siku moja. Inasemekana mama yake alimwambia achague kile anachokipenda, na akachagua.

Mwaka wa 1949 alichora kitabu kiitwacho Metropolis. Ndani yake kuna kiumbe kilichotengenezwa na mwanasayansi, jina lake Michi. Michi ana kitufe ndani ya koo. Ukikibonyeza, anageuka kutoka mvulana kuwa msichana, au kinyume. Watu wachache waliliona jambo hilo wakati ule. Sisi tunaona hapo mlango uko wazi tayari: kwa Tezuka, kuwa mume au kuwa mke kulikuwa sawa vazi la jukwaani, ambalo mtu anaweza kulivaa na kulivua.

Halafu ikafika mwaka wa 1953. Gazeti la wasichana, Shojo Club, lilimwomba hadithi. Msomaji ajue hali ilikuwaje wakati ule. Wanawake wa Japani walikuwa wamepiga kura kwa mara ya kwanza mwaka wa 1946, na katiba ya 1947 iliwaandikia haki sawa na wanaume. Lakini sheria ya ufalme ya mwaka huohuo iliandika kwamba kiti cha mfalme ni cha wanaume peke yao. Na katika magazeti ya wasichana, msichana alikuwa mtu wa kungoja. Anangoja mama aliyepotea, anangoja barua, anaangalia dirishani, machozi yanatelemka. Wachoraji waliomtangulia Tezuka walikuwa wamempa macho makubwa msichana huyo. Junichi Nakahara alikuwa ameyachora tangu miaka ya 1930, mpaka wakubwa wa jeshi wakamtoa kwenye gazeti lake mwaka wa 1940, kwa sababu wasichana wale wenye huzuni na mitindo ya kizungu hawakufaa kwa nchi ya vita. Kwa hiyo si kweli kwamba macho makubwa yalivumbuliwa na Tezuka, hata kama watu wengi wanasema hivyo. Macho ya Nakahara yalikuwa mazuri, lakini yalitazama tu. Tezuka aliyachukua, akayachanganya na macho ya wanyama wa sinema za Walt Disney, ambazo alizirudilia mara nyingi mno, na macho ya jukwaa la Takarazuka, akayaweka kwenye uso wa mtu anayekimbia, anayepigana, anayeshangaa, anayecheka.

Kuna sababu ya kazi pia, siyo uzuri tu. Katika mchoro mdogo juu ya karatasi mbaya, mdomo ni mstari na pua ni nukta. Fasi ya kuweka hasira, aibu, uongo au mapenzi ni jicho. Ukilikuza jicho, unaweza kuonyesha moyo wa mtu bila kuandika neno. Njo maana macho hayo hayafanani na ya Wajapani, wala ya Wazungu, wala ya mtu yeyote. Hayakuwekwa pale kuonyesha kabila.

Hadithi aliyoitoa inaitwa kwa Kijapani Ribon no Kishi, maana yake shujaa mwenye utepe. Wanaosoma Kifaransa wanaijua kama Prince Saphir. Ni hivi: mbinguni, kabla ya kuzaliwa, kila mtoto anapewa moyo, wa buluu kwa wavulana, wa rangi ya waridi kwa wasichana. Malaika mdogo mtundu, Tink, anamchezea mtoto mmoja na kumwambia ameze moyo wa buluu. Kumbe mtoto huyo atapewa na ule mwingine. Anazaliwa na mioyo miwili, katika mwili wa msichana, katika nchi ambayo msichana hawezi kutawala. Baba mdogo mwenye tamaa, Duke Duralumin, anangoja tu mfalme akose mtoto wa kiume ili kiti kiende kwa mwanawe asiye na akili. Basi Saphir anatangazwa kuwa mvulana. Mchana anajifunza upanga na farasi. Akipata nafasi ya siri anavaa kanzu na nywele za bandia, anaenda kwenye sherehe, na huko mwana wa mfalme wa nchi jirani, Franz, anampenda binti asiyemjua, huku akigombana na Prince Saphir asijue kwamba ni mtu mmoja.

Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa zaidi. Ni nani asiyejua familia ambayo baba amefariki, mtoto mkubwa ni binti mwenye masomo na akili, na ndugu wa baba wanaanza kuhesabu mabati ya nyumba? Tezuka alizipa kampuni ya wabaya hao majina ya kuchekesha, Duralumin, Nylon, Plastic, majina ya vitu vya kiwandani, ili watoto wacheke. Lakini shida yenyewe haichekeshi.

Wasichana wa Japani walisoma hadithi hiyo kwa pumzi moja, kuanzia 1953 mpaka 1956. Tezuka akaandika sehemu ya pili juu ya watoto wa Saphir, kisha kuanzia 1963 akaichora upya yote katika gazeti lingine la wasichana, Nakayoshi, na mwaka wa 1967 ikaingia televizyo, vipindi 52, kwa rangi. Kabla ya Saphir, katuni ndefu ya wasichana yenye safari, vita, wachawi na mapenzi, yote katika hadithi moja inayoendelea mwezi kwa mwezi, ilikuwa karibu haipo. Baada yake hakuna gazeti la wasichana lililotaka kukosa hadithi ya namna hiyo.

Sasa tuseme lile linalotusumbua. Tulipoisoma hadithi hiyo hatukuweza kupita juu yake. Nguvu za Saphir zinatoka wapi? Kutoka kwa moyo wa buluu. Tink ametumwa kuurudisha moyo huo mbinguni, na moyo ukitolewa, mkono wa Saphir unalegea, upanga unaanguka, anakuwa binti wa kuokolewa. Maana yake, Tezuka alimpa msichana ushujaa, lakini ushujaa wa kukopa. Hakusema kwamba moyo wa msichana unaweza kushika upanga. Na mwishoni Saphir anaachana na moyo wa buluu, anavaa kanzu, anaolewa na Franz. Hadithi imekwisha.

Mkumbuke ile sheria ya Takarazuka. Mwigizaji akiolewa, anaondoka. Tunaamini Tezuka hakufanya hila yoyote. Alimaliza hadithi kwa namna aliyoiona ikimalizika nyuma ya ukuta wa nyumba yao tangu utoto. Makofi, maua, suti inavuliwa. Lakini mtu wa haki aseme pia kwamba mkono wake ulijua zaidi ya hapo. Katika hadithi aliyoichora upya kuna mchawi anayetaka kuiba moyo wa kike wa Saphir ampe binti yake Hecate, ili Hecate apate adabu na kuolewa na Franz. Na Hecate anakataa. Anataka kubaki alivyo, bila adabu ya kuazima. Ni mtu wa pembeni tu katika hadithi, lakini wasomaji wengi wanampenda kuliko wote, na sisi ni kati yao.

Kazi ya Tezuka ilikuwa kubwa mno, hatuwezi kuimaliza hapa. Atomu, roboti mtoto, alianza katika magazeti mwaka wa 1952 na akaonekana kwenye televizyo tarehe 1 Januari 1963, kipindi ambacho kilifungulia njia katuni zote za Japani tunazoziona leo. Alichora wakati huohuo kwa magazeti mengi, na alichelewa kila mara. Wakubwa wa magazeti walimfungia ndani ya hoteli mpaka amalize kurasa. Bibi yake, Etsuko, aliyemwoa mwaka wa 1959, aliishi na watu waliolala sebuleni wakingoja michoro. Kampuni yake ya filamu, Mushi Production, ilifilisika mwaka wa 1973, na watu wakasema wakati wake umepita. Mwaka huohuo akaanza hadithi ya Black Jack, daktari mpasuaji asiye na ruhusa, uso umeshonwa nusu kwa nusu, akarudi juu.

Kuhusu wanawake wake wa baadaye, hatuna neno moja la kuwakusanya wote. Mwaka wa 1970 alimchora Melmo, mtoto wa kike ambaye mama yake amekufa kwa ajali ya gari, na kutoka mbinguni mama anamtumia bonboni: ya buluu inamkuza miaka kumi, nyekundu inamrudisha utoto. Tezuka aliitumia kufundisha watoto jinsi mwili unavyokua, jambo la uhodari kwa televizyo ya 1971. Tena katika miaka hiyohiyo alichora kwa watu wazima mwanamke anayeiba vipaji vya kila mtu anayelala naye, sawa mdudu anayebadilisha ngozi. Na katika Black Jack kuna Pinoko, ambaye miaka 18 alikuwa uvimbe ndani ya mwili wa dada yake, daktari akamtoa na kumtengenezea mwili wa mtoto mdogo. Pinoko anapika, anafua, na kila siku anajiita bibi wa daktari. Wengi wanacheka. Sisi kicheko kinatukwama kidogo. Mwanamke mzima ndani ya umbo la kitoto, anayemngoja mwanaume mmoja: wachoraji wengi waliokuja baadaye walishika umbo hilo, wakaliacha lile swali la uchungu ambalo Tezuka aliliweka ndani yake, kwamba msichana huyo anajua mwili wake hautakua kamwe.

Kuna na deni lingine ambalo gazeti la Afrika haliwezi kulinyamazia. Kuanzia 1950 Tezuka alichora hadithi ya simba mweupe, ambayo kwa Kifaransa inaitwa Le Roi Léo, na akaiweka katika Afrika. Wanyama wake wana roho, wana akili, wana huzuni. Watu wake weusi wana midomo minene na majani kiunoni, jinsi sinema za wazungu za wakati ule zilivyomfundisha. Mtu aliyeweza kuweka mioyo miwili ndani ya msichana mmoja hakupata nafasi ya kuweka hata mmoja ndani ya mwafrika aliyemchora. Baada ya kifo chake watu walilalamika huko Japani, uchapaji ukasimama kwa muda, na leo vitabu hivyo vinatoka na ukurasa wa maelezo. Tunalisema siyo kwa chuki. Yeye mwenyewe njo aliyetuonyesha kwamba namna ya kuchora jicho na mdomo ni namna ya kusema nani ni mtu.

Turudi kwa wasichana, maana wao hawakungoja Tezuka amalize. Mmoja wao, Hideko Mizuno, alituma michoro yake kwenye mashindano ambayo Tezuka alikuwa mwamuzi, akatajwa vizuri, na mwaka wa 1955, na umri wa miaka 15, akaanza kuchapwa ndani ya Shojo Club hiyohiyo ya Saphir. Baadaye alipanga Tokiwa-so, nyumba ya vyumba vidogo ya Tokyo ambako Tezuka aliwahi kuishi na wachoraji vijana wakamfuata, akawa mwanamke peke yake kati yao. Mwaka wa 1967 Tezuka alianzisha gazeti la COM kwa ajili ya vijana wa kujaribu, na ndani yake wakaonekana Fumiko Okada na Keiko Takemiya. Moto Hagio, anayehesabiwa leo kati ya wakubwa kabisa, aliamua kuwa mchoraji baada ya kusoma kitabu kimoja cha Tezuka juu ya askari vijana wa zamani. Mpaka hapo katuni za wasichana zilikuwa zimechorwa zaidi na wanaume. Katika miaka ya 1970 wanawake wakazichukua mikononi.

Mwaka wa 1972 Riyoko Ikeda akaleta Oscar. Wengi kati yetu tunamjua kwa jina la Lady Oscar, alivyoingia televizyo ya Ufaransa mwaka wa 1986. Baba anataka mvulana, anazaa binti wa sita, anamlea kama askari, anakuwa mkuu wa walinzi wa Malkia Marie-Antoinette. Kila mtu aliona ni mjukuu wa Saphir. Lakini mtazameni vizuri. Oscar hana moyo wa kuazima. Ana mmoja tu, wa kwake, na kwa huo anashika upanga, anapenda, anakosea, na anawaacha matajiri wa kabila lake kwenda upande wa maskini. Anakufa siku ya Bastille na silaha mkononi. Hakuna malaika aliyekuja kumnyang'anya kitu. Mwaka wa 1974 hadithi hiyo ikachezwa kwenye jukwaa la Takarazuka, na viti ambavyo vilikuwa vinaanza kuwa tupu vikajaa tena.

Na karibu miaka ishirini baadaye, mwishoni mwa 1991, katika kurasa za Nakayoshi, lile gazeti ambalo Saphir alichorwa upya, Naoko Takeuchi akaanza Sailor Moon. Wasichana wanaopigana wakivaa sketi na utepe, bila kujificha ndani ya nguo za kaka yao. Tezuka hakuiona.

Yeye alikuwa amekwisha kuondoka. Mwaka wa 1988 alipasuliwa tumbo. Ilikuwa kansa, na kwa desturi ya Japani ya wakati ule mgonjwa hakuambiwa wazi. Daktari ambaye maisha yote alichora madaktari hakupewa jina la ugonjwa wake. Aliendelea kuchora kitandani, hadithi tatu kwa pamoja, na katika siku za mwisho aliomba kalamu, aliomba wamwache afanye kazi. Alifariki tarehe 9 Februari 1989 katika lopitali moja ya Tokyo, na umri wa miaka 60. Wanahesabu kurasa zake kuwa karibu 150,000. Mkusanyo wa kazi zake uliochapwa na Kodansha una vitabu 400, na bado haukuchukua zote.

Mwaka wa 1994 mji wa Takarazuka ulimfungulia jumba la kumbukumbu, karibu kabisa na jumba la michezo ambako mama yake alimpeleka akiwa mtoto, unatoka huku unaingia kule kwa miguu. Mwaka huohuo kikundi cha Takarazuka kilicheza Black Jack jukwaani. Daktari yule mwenye uso ulioshonwa, koti jeusi na nywele nusu nyeupe, alichezwa na mwanamke, na wanawake walijaza ukumbi.